Rambirambi hazikufika kwa mfiwa: kisa cha dogo Jack Cornwell

Kuna kisa kimoja nimekaa nacho muda mrefu na kila nikikirudia nakwama sehemu ileile, na wala sio pale meli inapopigwa mizinga, ni mazishini. Kijana wa miaka 16 na miezi minne na ushee anazikwa Juni 1916 kwenye kaburi la kuchangia na wengine, kaburi lenye namba, basi. Alafu mwezi wa saba tarehe 29 anafukuliwa palepale, anapandishwa kwenye gari la mzinga, anasindikizwa na wanamaji wamevaa sare, askofu yupo, mkubwa wa serikali kutoka wizara ya majini yupo, barabara zimejaa watu, anazikwa upya makaburi yaleyale ya Manor Park, mashariki mwa London. Maiti ni ileile. Sasa katikati hapo kilitokea nini, na zile hela zilizokuja kuchangwa kwa jina lake ziliishia wapi, ndo nataka tupitie taratibu.

Jina lake John Travers Cornwell ila wote walimwita Jack. Kazaliwa 8/1/1900 Leyton, familia ya kawaida kabisa, baba yake mzee Eli alikuwa dereva wa tramu na kabla ya hapo aliwahi kuwa mwanajeshi. Wakahamia Manor Park, dogo akasoma shule ya Walton Road, akawa skauti, alipomaliza shule akapata kibarua kwenye gari la kusambaza majani ya chai la Brooke Bond. Vita kuu ya kwanza ya dunia ikaanza 1914, mzee Eli pamoja na umri wake akarudi kuvaa gwanda, na Oktoba 1915 Jack naye akaenda kujiandikisha jeshi la majini bila ruhusa ya baba, barua za udhamini akapewa na mwalimu mkuu pamoja na bosi wake wa chai. Kwa hiyo wakubwa wawili walisaini, mzazi hajasaini. Hilo kwa wakati ule halikuwa jambo la ajabu, jeshi la majini la Uingereza lilikuwa linachukua watoto kihalali kabisa, cheo chenyewe kinaitwa "boi", kuna boi daraja la pili na boi daraja la kwanza, na Jack alikufa akiwa boi daraja la kwanza.

Mafunzo kayapata Devonport kule Plymouth, na ukitaka kuelewa kisa chote inabidi ujue alifundishwa kufanya nini hasa, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Jack hakuwa mpiga mzinga. Mzinga wa meli haupigwi na mtu mmoja kama bunduki, kuna anayeuzungusha kulia na kushoto, kuna anayepandisha na kushusha mtutu, kuna wa kuingiza kombora, kuna wa baruti, kuna wa kufunga nyuma. Alafu kuna yeye, kasimama pembeni ya mtutu, hedifoni zipo masikioni, anamsikiliza afisa aliyeko juu kule akimtajia umbali wa adui, na yeye mkononi ana kidude cha shaba chenye namba anakizungusha mpaka umbali ule ukae sawasawa ndo wenzake wajue mtutu uinuke kiasi gani. Kazi yake ni masikio na vidole. Akikosea namba moja kombora linaenda kuua samaki. Na asiposikia kitu kwenye hedifoni hana la kufanya zaidi ya kusubiri, hiyo mkumbuke maana itarudi.

Mwezi wa nne 1916 akapangiwa HMS Chester. Meli mpya kabisa, haijatoa hata harufu ya rangi, kruza ndogo, yaani meli ya kivita yenye mbio, ina mizinga kumi ya inchi 5.5, na mabaharia wake wengi wapya vilevile, walikuwa wamekaa pamoja wiki chache tu, hawajazoeana, hawajapata muda wa mazoezi ya kutosha. Tarehe 31 Mei wakajikuta kwenye pigano kubwa kuliko yote ya majini kwenye vita ile, pigano la Jutland, nje ya pwani ya Denmark, meli kama 250 za pande mbili.

Chester ilikuwa inatangulia kama mpelelezi mbele ya kikosi cha admirali Hood. Jioni kama saa kumi na moja na nusu wakasikia mizinga kwa mbali wakageuza kwenda kuangalia kuna nini, bahari ina ukungu, hewa imejaa moshi, na ndani ya ukungu ule zikatokea kruza za Wajerumani, moja, mbili, mpaka nne. Nne kwa moja. Kapteni Lawson akageuza meli kurudi mbio kwa wakubwa zake na humo njiani ndo ikala kipigo, ndani ya dakika zisizofika ishirini ikapigwa makombora kama 17.

Sasa angalia hii, maana ni kitu kinachouma. Mizinga ya Chester ilikuwa na ngao ya chuma mbele ya kuwakinga wanaoitumia, lakini ngao yenyewe nyuma iko wazi na chini haigusi sitaha, imeishia juu imeacha uwazi. Kombora likipasuka karibu, vipande vinapita kwenye ule uwazi vinafyeka miguu, na vingine vinakuja kwa nyuma ambako hakuna ukuta wowote. Ndo maana majeruhi wengi wa Chester walipoteza miguu. Walikufa 29, waliojeruhiwa 49. Hawa watu hawakukosa ujasiri, walikosa labda sentimita kadhaa za chuma, na aliyechora ngao ile alikuwa kakaa mezani nchi kavu.

Jack alikuwa mzinga wa mbele. Kikosi chao watu kumi, wanane wakawa ama wamekufa ama wamejeruhiwa, na yeye mwenyewe vipande vya chuma vikaingia kifuani kwenye dakika za mwanzomwanzo kabisa. Hakulala chini, hakuondoka, alibaki kasimama pale na hedifoni zake anaangalia chombo chake cha kulengea, mpaka Hood na meli zake kubwa walipofika na wale Wajerumani wakageuza. Waliokwenda kuangalia mzinga ule wakamkuta bado kasimama.

Kuna mabango na hadithi nyingi zilizomfanya Jack aonekane kapiga mzinga peke yake akawafukuza Wajerumani. Sio kweli jamani. Kapteni Lawson mwenyewe aliandika barua kwa mama Jack, barua nzuri sana ya mtu mwenye utu, na humo ndani kaeleza wazi kwamba mzinga ule haukuwa unaweza hata kuelekezwa kwa adui kwa jinsi meli ilivyokaa. Yaani hata wangekuwa wazima wote kumi, kwa muda ule wasingepiga kitu. Kapteni anasema dogo aliona huenda atahitajika, na kweli huenda angehitajika, ndo maana akabaki pale anasubiri amri. Na amri haikuja.

Mi nilipofika hapo mara ya kwanza nikajiuliza, sasa ushujaa uko wapi? Mtu kasimama, hajapiga hata kombora moja. Mwingine atasema labda dogo alikuwa kaganda tu kwa mshtuko, kapigwa butwaa, wakubwa wakaita ushujaa. Nimelipima hilo sikuliona kama lina uzito, kwanza kwa sababu ya hospitali ambako nitafika sasa hivi, pili kwa sababu ya kazi yenyewe. Meli ikikata kona mzinga wa mbele unaweza kumwona adui sekunde hiyohiyo, na afisa akitaja umbali asipokuwepo mtu wa kuusikia basi mzinga ni chuma tu. Anayejeruhiwa akiwa anapigana damu inachemka, ana cha kufanya. Huyu alikuwa hana cha kufanya kabisa, maumivu anayo, wenzake wako miguuni pake, na kitu pekee kilichomshika pale ni kwamba hajaambiwa aondoke. Kwangu hiyo ni ngumu kuliko ile ya kwenye mabango. Ila pia ni mtoto wa miaka 16 kaachwa anasubiri sauti kwenye hedifoni, na siwezi kusifia moja nikaimeza nyingine.

Upande wa pili nao walikuwa na wao. Moja ya zile kruza nne ilikuwa Wiesbaden, ile jioni ikapigwa na meli za Hood ikasimama katikati ya bahari haiendi, kila Mwingereza anayepita anaipiga, usiku ikazama na watu zaidi ya 500, akaokoka mmoja. Na Hood mwenyewe aliyeiokoa Chester, kama nusu saa baadaye meli yake Invincible ikalipuka ikakatika vipande viwili, ikaondoka na watu zaidi ya elfu moja. Tuendelee.

Chester ikaelekezwa bandarini Immingham, pwani ya mashariki ya Uingereza mbali na London, majeruhi wakapelekwa hospitali ya Grimsby. Jack alikuwa bado anaongea. Wanasimulia kwamba matroni alimuuliza pigano lilikwendaje, naye akajibu kwa kifupi tu kwamba waliendelea vizuri. Na kwamba alisema ampe mama salamu zake za upendo, anajua mama yuko njiani anakuja. Na kweli mama alikuwa njiani, simu ya maandishi ilikuwa imemfika, lakini tarehe 2 Juni dogo akakata roho kabla hajafika. Mtu aliyepigwa butwaa hajibu hivyo.

Hapa sasa ndo penye kisa chenyewe. Serikali ilikuwa tayari kumzika kwa gharama zake, ila palepale Grimsby. Mama Jack akakataa. Akataka mwanae arudi nyumbani. Kila anayesoma hapa analijua hili jambo kwa ndani, tunajua maana ya kusafirisha mwili, tunajua watu wanavyokaa chini ya turubai usiku wanahesabu daftari la michango, gari bei gani, jeneza bei gani, kuna mjomba atasema si tumzike hukohuko tu, na mama anasema hapana. Basi London 1916 ilikuwa hivyohivyo. Alipofika nyumbani hela ya kaburi la peke yake haikuwepo, familia maskini, mume jeshini, Jack akaingia kwenye kaburi la kuchangia. Ukichagua mwanao arudi nyumbani, bili ni yako.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba ripoti ya pigano ikatoka kwenye magazeti na humo admirali Beatty alikuwa kamtaja Jack kwa jina, kwamba alibaki peke yake sehemu ya hatari anasubiri amri mpaka mwisho na umri wake haujafika 16 na nusu. Na nchi ilikuwa na kiu ya habari kama hiyo, kiu mbaya. Jutland ilikuwa imewakata maini, walitegemea ushindi wa wazi kama wa mababu zao, badala yake Waingereza 6,094 wamekufa, Wajerumani 2,551, na meli 14 zimezama kwa 11 za Wajerumani. Mwaka huohuo wameanza kuandikisha vijana kwa lazima. Tarehe 1 Julai pigano la Somme likaanza kule Ufaransa na orodha za waliokufa zikawa zinajaza kurasa. Katikati ya hayo unapata mtoto wa mtaani, maskini, mtiifu, kafa kasimama. Kisha magazeti yakagundua huyohuyo shujaa yuko kwenye kaburi lenye namba. Ikawa aibu. Ndo yakaja yale mazishi ya pili na gari la mzinga, na mabaharia wadogo sita wa Chester wamebeba mashada. Sisemi waliohudhuria walikuwa waongo, watu walilia kweli mtaani, ila gari la mzinga liliitwa na aibu ya magazeti.

Baada ya hapo ikawa mwendokasi. Septemba 15 nishani ya Victoria Cross ikatangazwa rasmi, nishani kubwa kuliko zote za ushujaa Uingereza, na waliowahi kuipata wakiwa wadogo kuliko yeye ni wawili tu. Mchoraji Frank Salisbury akaagizwa picha ya Jack kwenye mzinga, na kwa vile Jack hayupo wakamchukua mdogo mtu, Ernest, akasimama pale kama kaka yake ili achorwe. Hebu fikiria uko nyumbani wewe mama, mtoto aliye hai anatoka asubuhi kwenda kuigiza aliyekufa.

Na zikaja hela. Mashuleni nchi nzima ikatengwa siku ya Jack Cornwell, watoto wanatoa peni mojamoja wanapewa stempu yenye picha. Mfuko ulianzishwa kwa jina lake. Lakini kazi ya mfuko ule ilikuwa wodi ya wanamaji waliolemaa kwenye nyumba ya Star and Garter kule Richmond, na baadaye sana kumbukumbu yake ikazaa nyumba ndogondogo za mabaharia walemavu Hornchurch. Sina ugomvi na wodi, waliokatwa miguu na zile ngao za Chester walihitaji pa kulala. Ila kwetu rambirambi ina anwani. Ukiinua bahasha kwa jina la marehemu inakwenda kwa mfiwa, hata kama ni buku mbili na kilo ya sukari, mfiwa ndo anajua atalipa deni gani kwanza. Pale watoto wa shule waliambiwa changieni kumkumbuka Jack, na mama Jack alikuwa hai, anakaa London hiyohiyo, anahangaika na kodi.

Angalia na tarehe zinavyofuatana. Oktoba 25 mwaka huohuo mzee Eli akafa na maradhi ya kifua akiwa kwenye utumishi, akazikwa kaburi moja na mwanae. Novemba 16, mwezi haujaisha, mama Jack akaitwa Buckingham Palace kupokea nishani mkononi mwa mfalme George wa tano. Mjane wa wiki tatu, kavaa nguo za msiba za watu wawili. Kisha kaka yake Jack wa baba mmoja, Arthur, naye akauawa Ufaransa. Mama akawa anafanya kazi hosteli ya mabaharia ili siku ziende, na Oktoba 31, 1919 akafa kwenye vyumba vya kupanga Stepney, barabara ya Commercial Road, umri wake bado hajafika hamsini. Miaka mitatu tu toka ikulu.

Nikisema haya kuna mtu ataniambia hayo ya Wazungu yanatuhusu nini. Vita ni ileile bana. Septemba 20, 1914 asubuhi Pegasus, meli ya kivita ya Waingereza, ilipigwa na Königsberg ya Wajerumani palepale mbele ya mji wa Zanzibar, wakafa mabaharia zaidi ya thelathini, wengine wamelala kisiwani Chapwani mpaka leo, na ukienda kutembea kule makaburi yapo, yana majina. Na wapagazi wetu waliobeba mizigo ya vita ileile wakafa kwa makumi ya maelfu kwa kuhara na njaa, hao kilichobaki ni Kariakoo, jina la kambi yao, tunaenda kununua viatu. Kwa hiyo kaburi lenye namba bado lina nafuu, namba mtu anaweza kuifuata siku akitaka kurudi.

Kilichobaki cha Jack ni kingi tukiwa wakweli. Ule mzinga wenyewe wa inchi 5.5 ulihifadhiwa na uko mikononi mwa Imperial War Museum London, nishani nayo imewekwa huko. Skauti wa Uingereza wana beji ya Cornwell mpaka leo. Kuna mlima Kanada una jina lake. Cha ajabu ni jinsi karibu vyote hivyo vinavyomuonyesha akiwa anafanya kitu, wakati kilichomfanya akumbukwe ni kwamba hakuwa na cha kufanya na hakuondoka. Ningepewa mimi kuchora picha ningechora lile sikio na hedifoni, na mkono umeshika kile kidude cha shaba, umbali wa mwisho aliotajiwa bado uko pale.

Kaburini, kumbukumbu ya maana haikuwekwa na jeshi wala wizara. Ni watoto waliokuwa wanasoma na waliowahi kusoma shule za East Ham ndo walichanga, jiwe likasimamishwa mwishoni mwa 1920. Kufikia hapo mama Jack alikuwa ameshatangulia, na alizikwa humohumo na mwanae na mumewe, kwa hiyo walipokuja kulisimamisha chini yake walikuwa watu watatu.